Askari, Simu Yake na Sifa ya Kazi Yake

Mtaani Carama, kaskazini ya jiji la Bujumbura, yupo jirani yangu mmoja, sajini wa jeshi letu, ambaye jina lake sitalitaja kwa kuwa mwenyewe hakupenda litajwe. Alikwenda Somalia katika kikosi cha kulinda amani akiwa mhudumu wa majeruhi, akarudi na maarifa mengi ambayo hayakuwa yameandikwa popote. Jioni moja ajali ya pikipiki ilitokea hatua chache kutoka nyumbani kwake. Kijana aliyeumia alikuwa akivuja damu nyingi mguuni, na watu wapatao ishirini walikuwa wamemzunguka, simu mikononi, wakimpiga picha. Sajini aliwapenya, akalikandamiza jeraha kwa vitambaa, na damu ilipokataa kusimama akaufunga mguu juu ya jeraha kwa ukanda mpana, akaukaza kwa kijiti. Kijana alifika hospitali akiwa hai.

Alinieleza baadaye kwamba usiku ule hakupata usingizi mapema, na kilichomsumbua si damu, bali zile simu. Watu ishirini walikuwa na chombo ambacho kingeweza kuwafundisha kuokoa maisha, lakini hakuna aliyekuwa amewafundisha.

Asubuhi alikwenda kwa mkuu wake kuomba ruhusa. Alipoipata, akaanza kutuma mafunzo ya sauti ya dakika mbili mbili, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, katika kundi la WhatsApp la majirani: namna ya kukandamiza jeraha, namna ya kumlaza aliyezimia, kwa nini majeruhi wa shingo asiinuliwe ovyo. Hakuvaa sare katika mafunzo hayo, hakutaja kikosi chake, wala hakusimulia vita. Baada ya miezi michache waendesha pikipiki wa mtaa wakawa wanamsimamisha njiani kumwuliza maswali. Yeye mwenyewe aligundua jambo ambalo hakulitazamia: ili aeleze jambo kwa dakika mbili, alilazimika kurudi kwenye vitabu vyake vya mafunzo na kuvisoma kwa saa mbili.

Nimeanza na habari ya sajini huyu kwa sababu kila ninapozungumza na askari na polisi wetu juu ya mitandao ya kijamii, wengi hutazamia kusikia neno moja tu, nalo ni marufuku. Ni kweli kwamba marufuku ina sababu zake. Mwezi Novemba 2017 kampuni ya Strava, ambayo programu yake hupima mwendo wa wanamichezo, ilitoa ramani ya dunia yenye njia walizokimbia watumiaji wake. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia, Nathan Ruser, akaonyesha kwamba ramani hiyo imezichora kambi za majeshi, hata njia ambazo askari walizoea kuzipita ndani yake. Hakuna askari aliyekusudia kutoa siri. Walikuwa wakifanya mazoezi yao ya asubuhi tu.

Lakini ndugu zangu, marufuku peke yake haimfanyi askari kuwa stadi. Kuna maarifa ambayo si siri, na ambayo hupotea kwa sababu tu mwenye nayo amenyamaza mpaka akastaafu. Waulizeni wenzetu waliorudi Somalia wamejifunza nini juu ya barabara, maji, joto na kuishi na raia wa lugha nyingine. Watawasimulia mpaka usiku wa manane, na asubuhi hakuna hata mstari mmoja ulioandikwa.

Masimulizi ya namna hiyo ndiyo yaliyozaa jambo kubwa katika jeshi la Marekani. Maofisa wawili, Nate Allen na Tony Burgess, waliosoma pamoja katika chuo cha kijeshi cha West Point, walikuwa majirani huko Hawaii wakati kila mmoja akiongoza kombania yake. Jioni walikaa barazani, kama tunavyokaa sisi Carama, wakiulizana: wewe ulifanyaje askari wako alipofiwa, ulifanyaje gari lilipokosa vipuri? Waliona kwamba mazungumzo yale yanawafaa kuliko maagizo mengi waliyopokea. Mwaka 2000 wakayahamishia katika mtandao, wakaufungua ukumbi ulioitwa CompanyCommand, ambamo makapteni walijibizana maswali ya kazi. Mwaka 2002 ukumbi huo ulikabidhiwa chuo cha West Point. Ofisa kijana aliyejibu vizuri swali la mwenzake akajulikana kwa wenzake wa mbali ambao hawajapata kumwona uso, na sifa yake ikatangulia mbele ya cheo chake.

Kwa polisi, mfano ulio karibu zaidi nasi unatoka Kenya. Francis Kariuki alikuwa chifu wa Lanet Umoja, karibu na mji wa Nakuru, eneo la watu wapatao 28,000 wakati huo. Mwanzoni mwa mwaka 2012 habari zake zilienea duniani kwa sababu ya namna alivyoutumia mtandao wa Twitter, ambao tangu mwaka 2023 unaitwa X. Usiku mmoja, yapata saa kumi, alipigiwa simu kwamba wezi wameivamia nyumba ya mwalimu. Akatuma ujumbe mfupi, na baada ya dakika chache wanakijiji wakawa wamekusanyika nje ya nyumba ile. Wezi wakatimka. Wengi wa watu wake hawakuwa na simu za gharama, hivyo ujumbe wa chifu uliwafikia kama ujumbe wa kawaida wa maandishi.

Nawaomba mtazame kwamba ujumbe ule wa usiku uliaminiwa kwa sababu ya ujumbe mwingine mdogo mdogo uliotangulia. Chifu alikuwa akitangaza kondoo aliyepotea, na habari nyingine za namna hiyo ambazo mtu wa mjini angezicheka. Mwananchi aliyerudishiwa kondoo wake kwa tangazo la chifu hatasita kutoka kitandani siku chifu atakapomwita.

Upande wa pili wa sarafu uko Kenya hiyo hiyo. Jeshi la Kenya lilipoingia Somalia mwezi Oktoba 2011, msemaji wake, Meja Emmanuel Chirchir, aliichukua Twitter kama uwanja wa kazi. Mwanzoni mwa Novemba aliitumia kuwaonya wakazi wa miji kumi ya Somalia kwamba mashambulizi yanakaribia. Kwa maoni yangu, msemaji wa jeshi anayewaonya raia kabla ya bomu anafanya kazi njema kabisa. Desemba, Al-Shabaab nao wakafungua akaunti yao kwa Kiingereza fasaha, na malumbano yakaanza mbele ya dunia nzima. Halafu Januari 2012 Meja akaweka picha za mtu anayeuawa kwa kupigwa mawe, akieleza kwamba ni Mkenya aliyeuawa siku zile. Haukupita muda ikafahamika kwamba picha zile zilikuwa za mwaka 2009.

Ukatili katika picha zile ulikuwa wa kweli. Mtu aliyeuawa na tarehe ya kuuawa kwake ndivyo vilivyokuwa vingine, na kwa msemaji hilo linatosha kuleta hasara, kwa maana adui hakuhitaji tena kutunga hoja. Akaunti ile ya Al-Shabaab ilifungwa mwezi Januari 2013 baada ya kutangaza kitisho cha kuwaua mateka Wakenya. Hata hivyo habari ya picha za mwaka 2009 haikufungwa pamoja nayo. Sisi wa ofisi za uhusiano tunaisimulia hadi leo kila tunapoletewa picha tusiyomjua aliyeipiga.

Sajini wa Carama naye aliwahi kukosea. Katika fundisho moja alisema kwamba ukanda uliofungwa kuzuia damu ulegezwe kila robo saa, kama alivyofundishwa zamani. Mama mmoja muuguzi wa mtaa huo huo akamwandikia mbele ya kundi zima: "Kaka Sajini, hapana. Siku hizi hatulegezi. Andika saa uliyofunga, mwache daktari alegeze." Baadhi ya majirani wakaanza kucheka kwa vile vikatuni vya simu, na kijana mmoja akauliza kama jeshini ndivyo wanavyouguza watu.

Nakiri kwamba ningekuwa mimi, ningeifuta sauti ile kimya kimya na kutafuta neno la kujitetea. Yeye alikwenda kwa daktari wa kikosi, akaulizia, akathibitisha kwamba muuguzi amesema kweli. Kesho yake jioni majirani walisikia fundisho jipya lililoanza hivi: "Jana nilikosea, na Mama amenisahihisha. Sikilizeni tena tangu mwanzo." Siku hizi kila fundisho humfikia kwanza yule muuguzi, na wiki iliyopita nilimkuta sajini amekaa nje ya duka la mtaa na waendesha pikipiki wanne, wakijifunza kukaza ukanda kwa kijiti, huku mmoja wao akiandika saa kwa kalamu juu ya kiganja cha mwenzake.