Mlima, Maji na Pumzi ya Mwogeleaji

Mji wa Same umekaa chini ya milima ya Upare, katika nchi kavu yenye jua kali. Mahali pale ni juu ya usawa wa bahari kwa mita zisizofika 900. Kusini mashariki ya mji huo kipo kilele cha Shengena, katika msitu wa Chome, nacho hupita vilele vyote vya Upare. Urefu wake ni yapata mita 2,460. Mtu aliyezoea nchi ya chini akipanda huko kwa miguu huanza kuhema kabla hajafika mbali. Husimama, huegemea fimbo yake, na kabla hajatulia huona watoto wa mlimani wakimpita na mizigo ya kuni vichwani, nao wanazungumza na kucheka.

Lakini watoto hao hao wakishuka hata pwani ya Tanga, mambo hugeuka. Wenyeji wa pwani hujitupa baharini na kucheza na mawimbi, na mgeni wa mlimani husimama mchangani akiwatazama. Hapo watu husema kwamba mtu wa pwani amezaliwa na maji, na mtu wa mlimani amezaliwa na pumzi. Neno hilo hupendeza masikioni, lakini si kweli. Wataalamu wamechunguza waogeleaji wa mashindano kwa miaka mingi, na waliyoyaona yaonyesha kwamba maji hufundishwa, na pumzi nayo hufundishwa.

Kwanza na yatazamwe maji. Maji ni mazito kuliko hewa yapata mara mia nane. Kwa hiyo mtu apitaye ndani yake huzuiwa sana. Mwanafunzi aweza kulijaribu jambo hili kwa ndoo ya maji. Atie mkono wake, kiganja kikiwa kimesimama kama ubao, ausukume polepole. Kisha ausukume upesi. Ataona kwamba alipoongeza mwendo kidogo, maji yalimzuia zaidi sana. Halafu ageuze kiganja, kipite kwa ukingo kama kisu. Ataona maji yanamwachia njia. Katika mwaka 1933 mtaalamu mmoja wa Marekani, jina lake Peter Karpovich, alitangaza vipimo alivyopata kwa kuwavuta waogeleaji majini. Kanuni yenyewe ni hii: mwendo ukizidi mara mbili, kizuizi cha maji huzidi yapata mara nne, ukizidi mara tatu, kizuizi huzidi yapata mara tisa.

Kanuni hiyo yafundisha jambo kubwa. Mtu akitegemea nguvu za mikono peke yake atachoka mapema, maana kila hatua ya mwendo hudai nguvu nyingi kuliko ile iliyotangulia. Yampasa kwanza apunguze kizuizi. Mapafu yaliyojaa hewa huelea, bali miguu ni mizito na hupenda kuzama. Mwogeleaji mwenye hofu huinua kichwa juu ili aone mbele; na kichwa kikipanda, miguu hushuka, na mwili mzima husimama mbele ya maji kama kile kiganja cha ndoo. Mwogeleaji aliyefunzwa hulaza kichwa, hutazama chini, hunyosha mwili, naye hugeuka upande kidogo apate kuvuta pumzi. Mwili wake huwa kama mtumbwi mwembamba uliochongwa vizuri.

Mtaalamu mwingine, James Counsilman, aliyekuwa mwalimu wa kuogelea katika Chuo Kikuu cha Indiana huko Marekani, hakuridhika na kutazama kutoka ukingoni. Alipiga picha za sinema chini ya maji, apate kuona mikono ikifanya kazi. Watu walidhani kwamba mkono wa bingwa huenda moja kwa moja nyuma kama kasia. Picha zilionyesha kwamba mkono hupinda njiani. Mambo aliyojifunza aliyaandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1968. Mwanafunzi wake mmoja, Mark Spitz, alipata medali saba za dhahabu katika michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972.

Ushahidi mwingine wa nguvu ya kizuizi ulionekana mwaka 2009. Waogeleaji wengi walivaa mavazi mapya yaliyobana mwili na kuteleza majini, na katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Roma rekodi 43 za dunia zilivunjwa. Watu wakauliza kama aliyeshinda ni mtu au ni vazi. Tangu mwanzo wa mwaka 2010 mavazi hayo yamekatazwa katika mashindano.

Sasa yafuata habari ya pumzi, nayo yarudi mlimani. Mwaka 1968 michezo ya Olimpiki ilifanyika katika jiji la Mexico, lililo juu ya usawa wa bahari kwa mita 2,240. Katika mbio ndefu wengi waliotoka nchi za chini waliishiwa nguvu. Bali Naftali Temu wa Kenya alishinda mbio za mita 10,000, Kipchoge Keino wa Kenya alishinda mita 1,500, na Mamo Wolde wa Uhabeshi alishinda Marathoni. Wote watatu walitoka nchi za juu. Tangu hapo wataalamu walizidi kuuliza mlima humfanyia nini mwanadamu.

Jibu lao ni hili. Kadiri mtu apandavyo, hewa hupungua mkandamizo, na kila pumzi humletea oksijeni kidogo kuliko chini. Mwili hutambua upungufu huo. Figo hutuma habari kwa njia ya damu, nayo habari hiyo hufika katika uboho wa mifupa, mahali zinapotengenezwa chembe nyekundu za damu. Chembe hizo ndizo wapagazi wa oksijeni. Baada ya majuma kadhaa wapagazi huzidi, na mtu akishuka huwa na msaada ambao hakuwa nao mwanzo.

Lakini mlima una deni lake pia. Mtu aliye juu hawezi kukimbia wala kuogelea kwa nguvu zake zote, kwa sababu pumzi humpungukia; na asiyejizoeza kwa mwendo mkubwa husahau mwendo mkubwa. Kwa hiyo wataalamu wawili wa Marekani, Benjamin Levine na James Stray-Gundersen, waliwagawanya wakimbiaji 39 katika makundi. Wengine walikaa mahali pa mita 2,500, lakini wakashuka hata mita 1,250 kufanya mazoezi. Habari iliyotangazwa mwaka 1997 ilisema kwamba hao waliolala juu na kujizoeza chini ndio waliopata faida iliyo bora.

Je, jambo hilo lafaa kwa mwogeleaji pia? Waogeleaji hodari kutoka nchi mbalimbali walijaribiwa huko Hispania, na habari zao zikatoka mwaka 2015. Baadhi yao walikaa katika milima ya Sierra Nevada, mita 2,320, wakajizoeza huko huko. Wengine walikaa juu, wakajizoeza juu na chini pia. Wengine tena hawakupanda kabisa. Mtu wa Same akitaka kufahamu vipimo hivyo hana haja ya ramani ya Hispania. Na ainue macho tu. Kilele cha Shengena chapita kidogo urefu wa kambi ile ya waogeleaji.

Matokeo yake yalikuwa na mafundisho matatu. La kwanza, kundi lililokaa juu na kujizoeza juu na chini liliendelea kuliko makundi mengine. La pili, faida haikuonekana siku ile mazoezi yalipokwisha. Ilionekana baada ya majuma kadhaa, miili ilipokwisha kupumzika. La tatu, nalo lastahili kukumbukwa, ni kwamba hata wale ambao hawakupanda mlima waliongeza mwendo wao, kwa sababu walijizoeza kwa utaratibu chini ya walimu wema. Basi mlima humsaidia mtu afanyaye kazi, lakini haumfanyii kazi yake.

Hivyo mtoto wa Upare hana sababu ya kujivuna kwa ajili ya mlima wake, wala ya kukata tamaa kwa sababu bahari iko mbali. Watanzania wamekwisha kuogelea katika Olimpiki. Magdalena Moshi aliogelea London mwaka 2012 na Rio de Janeiro mwaka 2016. Collins Saliboko na Sophia Latiff waliogelea Paris mwaka 2024. Hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa akijua kuelea. Kila mmoja alifundishwa.

Tena kujifunza huko si kwa ajili ya medali tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji, na wengi wao ni wa nchi zisizo na mali nyingi. Upareni maji hayakosekani. Wazee walijenga ndiva, yaani mabwawa ya kuhifadhi maji ya vijito usiku, ili asubuhi yafunguliwe yaende mifereji hata mashambani. Ndiva ni hazina ya kijiji, lakini si mahali pa kuchezea: kingo zake huteleza, tope lake hushika miguu, na maji yaliyotuama yaweza kuwa na konokono waenezao kichocho. Katika mto Pangani wamo mamba. Kwa hiyo kuogelea hufundishwa mahali salama, mbele ya mtu mzima anayejua kuogelea.

Na mtu akianguka majini kwa bahati mbaya, elimu ile ile ya bingwa ndiyo itakayomfaa. Asipige maji kwa hofu, wala asijaribu kusimama na kuinua kichwa, maana akiinua kichwa miguu itazama. Ajilaze chali, masikio yakiwa majini, ajaze mapafu hewa, anyoshe mikono, na aite msaada. Aliye ukingoni asijitupe ikiwa hajui kuogelea. Amtupie kamba au dumu tupu, au amnyoshee mti mrefu. Tena asiwepo mtoto wa kuhema kwa nguvu mara nyingi ili apate kukaa chini ya maji muda mrefu. Aweza kuzimia humo bila onyo, na wenzake wakadhani bado anacheza.

Mtoto wa mlimani hakupewa pumzi yake kwa siku moja. Aliipata kwa kupanda kila siku na mzigo wake. Vivyo hivyo mtoto wa pwani alijifunza maji kidogo kidogo, wakubwa wakimwangalia. Njia ni moja, ijapokuwa mmoja alianza juu na mwenziwe alianza chini.

MASWALI

1. Kwa nini mtu akiinua kichwa majini miguu yake huzama?
2. Mwendo wa mwogeleaji ukizidi mara tatu, kizuizi cha maji huzidi mara ngapi?
3. Mwili wa mtu akaaye mlimani hufanya nini kwa sababu ya upungufu wa oksijeni?
4. Waogeleaji ambao hawakupanda mlima walipata faida gani, na kwa sababu gani?
5. Eleza yampasayo kufanya mtu aliyeanguka katika ndiva, na yampasayo aliye ukingoni.