Matembezi katika Jangwa la Namib

Sisi tuliozaliwa penye misitu na mvua nyingi twadhani kwamba jangwa ni nchi iliyokufa. Lakini mtu anayefuatana na kiongozi asubuhi mapema karibu na mji wa Swakopmund, katika Namibia, ajua upesi kwamba sivyo. Kiongozi hatazami mbali, atazama chini. Usiku kucha mchanga umeandikwa nyayo, naye azisoma kabla upepo haujazifuta. Hapa amepita mjusi wa usiku, ambaye hana kope za kufumba, bali husafisha macho yake kwa ulimi. Pale amejizika nyoka wa sumu. Macho yake, yaliyo juu kabisa ya kichwa, ndiyo yaliyobaki nje, naye hutikisa ncha ya mkia mfano wa mdudu ili mjusi ajongee.

Basi, maji yatoka wapi? Pwani ile mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 20. Lakini mkondo wa Benguela hupoza hewa ya bahari, na ukungu huingia nchi kavu usiku na alfajiri. Yuko mbawakawa mmoja mweusi ambaye hupanda hata ukingo wa kilima cha mchanga, akauelekea upepo, akainamisha kichwa na kuinua matako. Ukungu humgandia mgongoni, ukawa matone, nayo matone hushuka mpaka kinywani. Tembo na simba wasifiwe na wengine. Mimi namstaajabia mdudu huyu.

Ndani zaidi, penye changarawe, huota welwitschia, mmea ambao Friedrich Welwitsch wa Austria aliukuta katika Angola mwaka 1859. Una majani mawili tu maisha yake yote. Hukua daima kutoka shinani, na upepo huyachana hata mgeni adhani ni mengi. Mingine imepita miaka 1,000.

Hapo kiongozi mpole huwa mkali. Mawe yale yamevikwa likeni, viumbe vinyonge vishikamanavyo na jiwe kama ukoga mkavu, vinavyoishi kwa ukungu na kukua polepole mno. Motokari ikipita mara moja tu, alama ya magurudumu hubaki makumi ya miaka. Kwa hiyo wageni hufuata nyayo zake. Na mjusi aliyefukuliwa ili aonekane hufunikwa tena mchanga upesi, kwani jua la saa nne laweza kumwua.