Si Msaada Uliokwisha, Ni Viraka

Neno moja limetupotosha. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikoma kuuhudumia mfumo wake wa Windows 10, ulioanza kutumika Julai 2015, na habari hiyo ikatufikia hapa Nairobi kwa tangazo la Kiingereza ambalo wengi walilifasiri kwamba 'msaada' umekwisha. Sasa mwambie mwenye saiba pale Kangemi kwamba msaada umekwisha, naye atakuuliza: msaada gani? Hajapata hata siku moja kuipigia Microsoft simu. Tarakilishi yake aliinunua Moi Avenue ikiwa imekwisha kutumiwa Uingereza, akawekewa mfumo na fundi wa Luthuli, na ikizima humwita fundi huyo huyo. Kwake yeye tangazo hilo ni kama kuambiwa kwamba mjomba asiyemjua amefariki: atasikitika kwa adabu, kisha aendelee na kazi yake.

Kilichokwisha, kwa hakika, ni viraka. Mfumo unaoiendesha tarakilishi ni maandishi marefu ajabu, mamilioni ya mistari, na hakuna mwandishi wa maandishi marefu kiasi hicho asiyeacha matundu. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa viraka vya kuyaziba matundu yaliyogunduliwa. Mtu asiyekuwa na habari hii hudhani kwamba mfumo ukiachwa hubaki jinsi ulivyokuwa siku ya mwisho, kama redio ya zamani inayoendelea kutangaza. Haiwi hivyo. Windows 11, uliotolewa Oktoba 2021, umerithi sehemu kubwa ya maandishi ya Windows 10. Kiraka kikitolewa kwa mfumo mpya, mdukuzi hukifumua akatazama kimeziba tundu gani, kisha huenda kuangalia kama tundu hilo limo pia katika mfumo wa zamani, ambako halitazibwa. Kwa hiyo kila kiraka cha jirani ni ramani ya nyumba yako.

Yaliyotukia Mei 2017 yanafaa kukumbukwa. Mnamo tarehe 12 ya mwezi huo kirusi kilichoitwa WannaCry kiliingia katika tarakilishi zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, kikayafunga mafaili na kudai dola 300 au zaidi ndipo yafunguliwe. (Nasema kirusi, ingawa neno 'virusi' lilipotujia kutoka ughaibuni halikuwa la wingi, sisi ndio tuliolidhania kuwa la ngeli ya ki-vi, tukalizalia umoja.) Hospitali za umma za Uingereza zilifutilia mbali miadi ya maelfu ya wagonjwa. Wengi walikimbilia kuilaumu Windows XP, iliyokuwa imeachwa tangu Aprili 2014. Ilipochunguzwa, ikaonekana kwamba mashine nyingi mno zilizoambukizwa zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo ingali ikihudumiwa! Kiraka kilikuwa kimetolewa tangu Machi, miezi miwili kabla. Wenye mashine hawakukipokea.

Hapo ndipo kisa hiki kinapotugusa sisi. Katika vitongoji vya magharibi mwa jiji hili, kuanzia Kangemi na Kawangware hadi Uthiru na Kinoo, ni desturi ya fundi kuzima masasisho siku ile ile anayoweka mfumo. Ana sababu mbili. Ya kwanza ni bei ya intaneti, kwani sasisho moja laweza kumaliza bando ya wiki nzima. Ya pili haisemwi kwa sauti: mfumo wenyewe aghalabu ni wa wizi, umewekwa kwa flashi moja inayozungushwa jengo zima, na fundi anachelea kwamba sasisho litaufichua. Ile programu ndogo ya kuuhalalisha uwongo, ambayo huhitaji kinga ya virusi izimwe kwanza ndipo ifanye kazi, hakuna anayejua ndani yake mna nini. Kwa mashine kama hizo tarehe 14 Oktoba 2025 haikubadili neno. Zilikwisha kuachwa zamani, na aliyeziacha si Microsoft.

Seuze kazi tunazozipa. Katika saiba hizo ndimo mwanafunzi wa kidato cha nne anamochagua kozi za chuo kikuu kwa KUCCPS na kuomba mkopo wa HELB kwa nambari ya kitambulisho chake na cha mzazi. Ndimo mwalimu anamochapisha hati ya mshahara kutoka TSC, na Juni inapokaribia kwisha akajaza ripoti ya kodi ya KRA. Shuleni nako, mashine ya ofisi ya mwalimu mkuu ndiyo inayowasajili watahiniwa kwa KNEC. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihusu shule pia. Mwaka 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kisa hicho hakikuwa cha udukuzi, lakini kilionyesha kwamba Kamishna wa Data huifahamu njia ya kwenda Uthiru.

Yasemwayo madukani ni: nunua mpya. Ni ushauri wa mwenye duka. Windows 11 hukataa mashine nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2018, na mashine za aina hiyo ndizo zilizojaa katika maabara zetu zikiwa bado nzima, kibodi na skrini zikifanya kazi. Kuzitupa Dandora ni israfu isiyo na udhuru.

Kwa shule yenye mfumo halali, Microsoft ilitangaza viraka vya ziada kwa dola 1 kila mashine mwaka wa kwanza, dola 2 mwaka wa pili na dola 4 mwaka wa tatu. Maabara ya mashine 40 itatumia dola 280 kwa miaka yote mitatu. Mtu binafsi alitangaziwa mwaka mmoja tu, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo akikubali mipangilio ya mashine yake ihifadhiwe mtandaoni kwa kampuni hiyo.

Mwenye mfumo wa wizi hana mlango huo, lakini ana mwingine ambao mimi nauona kuwa bora: kuweka Linux, ambayo ni ya bure na huendelea kupata viraka hata kwenye mashine kongwe. Aina yake mojawapo, Ubuntu, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina hilo la Kinguni ni ndugu wa damu wa neno letu 'utu'. Kazi za kuandika, kuchapisha na kuingia mtandaoni hufanyika humo bila shida, na likizo moja ya Aprili yatosha kuibadili maabara nzima.

Asiyeweza kubadili lolote na azitenge kazi. Mashine ya zamani ichape barua na mitihani, nywila za TSC na KNEC zisiguse kibodi yake. Watumiaji wasiingie kwa akaunti yenye mamlaka yote, kwa kuwa kirusi hurithi mamlaka ya aliyekikaribisha. Nakala za akiba ziwe katika diski inayochomolewa baada ya kunakili, maana WannaCry ilifunga pia diski ilizozikuta zimechomekwa. Flashi itokayo saiba ikaguliwe kabla ya kufunguliwa.

Kuna pingamizi moja la haki kutoka kwa walimu wa somo la Tarakilishi: wanafunzi wengi huufanya mtihani wa vitendo wa KCSE kwa programu za Microsoft, na hawawezi kunyang'anywa katikati ya safari. Basi mashine za mtihani zibaki na Windows, zikatwe kabisa kwenye intaneti, na waya wake ukae kabatini kwa mwalimu wa somo.