Ngoma Isiyopenda Makuu

Sogeeni, wanangu. Leo anayezungumza si mjomba wenu. Ni ngoma, tena ngoma ya Burundi. Tegeni sikio.

"Mimi ni mmoja wa amashakwe. Nimechongwa kwenye gogo, nikawambwa ngozi ya ng'ombe. Tukipigwa tunapangwa nusu duara, na katikati anakaa inkiranya, kiongozi wetu. Ngoma za ibishikizo humfuata kila anakogeukia. Mimi sigeuki. Kazi yangu ni du-du-du-du, mwanzo hadi mwisho. Na mwaka 2014 UNESCO walipotuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, hawakumwandika inkiranya peke yake!"

Imejisifu kidogo. Tuisamehe.

"Mjomba, kwani yenyewe haichoki kurudia?"

Swali zuri hilo! Mkiruka kamba uani, wawili huizungusha, mmoja huruka. Anayeruka atageuka, atachuchumaa, ataruka kwa mguu mmoja. Anaweza kwa sababu kamba haibadiliki. Wazungushaji nao wakianza mbwembwe? Kamba inamnasa mtu miguu. Amashakwe ndio hao wazungushaji, inkiranya ndiye anayeruka.

Haya, tujaribu. Mguu ndio amashakwe: du-du-du-du. Usiuharakishe. Mkono ndio inkiranya. Piga paja sawasawa na mguu: moja, mbili, tatu, nne. Rudia. Sasa lile pigo la tatu liache. Moja, mbili, kimya, nne. Mguu uendelee!

"Mjomba, mbona nimelisikia wakati sijalipiga?"

Ee, mwanangu, una sikio wewe! Mguu ulilipiga, na sikio lilikuwa linalingoja. Sasa lirudishe, kisha chomeka "ta" ndogo kati ya mbili na tatu: du, du-ta-du, du. Umeona? Mkono umecheza, mguu wala haukushtuka.

Wapigaji wachanga wakishajua hiyo "ta", huichomeka kila mahali. Mimi huziba masikio. Chomeka moja, kisha ngoja.

"Na kama sitaki kuongeza wala kupunguza?"

Badili mahali pa kugonga. Mrundi ana vijiti viwili: akigonga ngozi inanguruma, akigonga mti wa ngoma unalia "ka". Wewe acha paja, gonga kiti: du-du-ka-du. Mapigo ni yale yale manne.

Sasa wawili wawili. Wewe shika du-du-du-du, dada yako awe inkiranya.

"Mjomba! Anataka niende mbio!"

Usimfuate. Yeye ndiye akusikilize.