Mpeni kijana nafasi ya kusema hapana

Padri Richard Masivi Kasereka aliuawa tarehe 2 Februari 2022, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, siku ambayo Kanisa huwaombea watawa wake wote. Alikuwa amekwenda Kanyabayonga kuiadhimisha, na alipigwa risasi njiani akirudi Kaseghe, Lubero, alikokuwa paroko. Miezi minane baadaye, usiku wa kuamkia 20 Oktoba, waasi wa ADF walivamia Maboya, kwenye barabara ya Butembo na Beni, wakaichoma hospitali. Sista Marie-Sylvie Kavuke Vakatsuraki, daktari, wa shirika la Masista Wadogo wa Kutolewa kwa Bikira Maria, alikuwa humo kazini. Hakutoka hai. Kabla yao, mwezi Oktoba 2012, mapadre watatu Waasumpsionisti walitekwa parokiani Mbau, na Machi 2016 mwenzao, Padri Vincent Machozi, aliuawa Vitungwe-Isale, karibu na Butembo.

Katika jimbo letu la Butembo-Beni, lenye historia hii, kijana anayesema “nadhani Mungu ananiita” amesema neno zito. Jumapili ya Mchungaji Mwema, ile ya nne ya Pasaka ambayo Papa Paulo wa Sita aliitenga mwaka 1964 kwa ajili ya kuombea miito, watoto wa chama cha Kizito-Anuarite parokiani wanaposikia majina ya marehemu hao, ni rahisi waondoke wakidhani wito ni kufa kishujaa. Sivyo. Masivi alikuwa anarudi kwa waumini wake. Sista Marie-Sylvie alikuwa zamu, ana wagonjwa. Hakuna aliyekwenda kutafuta kifo, walikwenda kazini. Anayetaka kujua kama ameitwa aitazame kwanza kazi hiyo: kuungamisha hadi jioni, kufunga vidonda, kusafiri barabara mbovu ili wanakijiji wapate misa, kisha kesho yake kuanza upya. Kama moyo wake unatulia katika mambo hayo, hapo pana la kuzungumza na kiongozi wake wa kiroho.

Kuna jambo jingine ambalo hatulisemi vya kutosha. Vijiji vya Beni vimeona mauaji tangu Oktoba 2014. Kwa mvulana wa Oicha au Mbau aliyepoteza shamba na ndugu, seminari ndogo kama ile ya Musienene ni kitanda, ni shule, ni sahani ya bugali na maharage mezani kila siku. Kuvitamani si dhambi. Lakini njaa na hofu zina sauti kubwa, na kijana mwenyewe anaweza kuisikia sauti hiyo akadhani ni ya Mungu. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, aliyejifunza mambo haya akiwa askari aliyejeruhiwa, alionya kwamba mtu asibadili maamuzi yake makubwa wakati roho yake imo katika ukiwa. Mlezi wa miito Butembo analo jukumu zito kuliko la mwenzake wa mahali palipo na amani: kumsubiri kijana apumue, alie misiba yake, ndipo amuulize anataka nini.

Hata hivyo, kikwazo kikubwa nakiona nyumbani kwetu, na nasema hivi nikijua wapo watakaoudhika. Mtoto akiingia seminari tu, ukoo mzima umeshampa upadre. Mama anaitwa mama padri sokoni. Majirani wamechanga godoro na sanduku, wajomba wanahesabu miaka hadi misa ya kwanza. Kijana huyo, akigundua mwaka wa tatu kwamba njia yake ni ndoa, atarudi nyumbani kwa uso gani? Wengine hawarudi, wanaishia kupanga chumba mji mwingine. Wengine, na hili ndilo linalonitisha, wanaendelea mbele kwa sababu ya aibu tu. Kwa wasichana mara nyingi mambo ni kinyume: wazazi wanawaza mbuzi wa mahari, na binti anayetaka usista anaambiwa anawatupa. Mwenyeheri Anuarite mwenyewe, inasimuliwa, alipanda lori lililokuwa linawapeleka walelewa Bafwabaka bila mama yake kujua.

Sheria ya Kanisa imelifikiria jambo hili kuliko sisi. Inakataza kabisa kumlazimisha mtu kupokea daraja, kwa njia yoyote na kwa sababu yoyote. Inamtaka anayejiandaa kwa daraja aandike kwa mkono wake na kutia sahihi kwamba anakuja kwa hiari. Novisi anaweza kuondoka wakati wowote. Nadhiri za kwanza haziwekwi kabla ya miaka 18, nazo kwa kawaida ni za muda wa miaka 3 hadi 6. Muda ukiisha, anayetaka kwenda anakwenda, na hana deni. Upadre hautolewi kabla ya miaka 25. Miaka yote hiyo imewekwa ili mlango ubaki wazi. Ikiwa nyumbani umefungwa, sheria hiyo haina nguvu.

Wala anayetoka hajakimbia utakatifu. Floribert Bwana Chui wa Goma hakuwa padri wala bruda. Alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani, akakataa rushwa ili chakula kilichooza kisipite kwa wananchi, akauawa Julai 2007 akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenyeheri mjini Roma. Huo nao ni wito, na aliujibu akiwa ofisini.

Kwa hiyo, wazazi wa Butembo na Beni: mtoto wenu akisimama mlangoni na sanduku lake, ametoka seminari au unovisi, mpokeeni, mpikieni, na msiulize ada ziliishia wapi. Anayetaka kubaki, mwombeeni bila kumsukuma. Nanyi maparoko, mpeni huyo aliyerudi nafasi katika kwaya na katekesi Jumapili hiyo hiyo, waumini wote wamwone.