Sura ya 7: Nyumba Yangu, Maji ya Mwingine

Mtu anayeishi kwenye nyumba inayoelea kule Seattle au Sausalito, pwani ya magharibi ya Marekani, ni mwenye nyumba na mpangaji kwa wakati mmoja. Kuta, paa na jiko ni mali yake, na huenda bado anazilipia mkopo benki. Lakini maegesho, yaani mahali nyumba ilipofungwa, pamoja na gati la kupitia, nguzo, bomba la maji na nyaya za umeme, ni mali ya mtu mwingine, na kodi yake hulipwa kila mwezi. Msomaji wa Mombasa ataelewa upesi, kwa sababu kwao nyumba bila ardhi ni jambo la vizazi: jengo la huyu, kiwanja cha yule.

Wengi hudhani kwamba nyumba ikiwa majini, mwenyewe akichoshwa na kodi atafungua kamba aende zake. Hawezi. Nyumba hizi hazina injini wala usukani. Za zamani za Seattle zimekaa juu ya magogo makubwa ya mierezi, na nyingi za Sausalito juu ya matangi mapana ya zege. Kuihamisha moja kunahitaji boti la kuivuta, bima, na zaidi ya yote maegesho mengine yenye nafasi. Maegesho yanayoruhusiwa kwa makazi ni machache, na aliyepata pake habanduki. Mpangaji wa fleti akipandishiwa kodi hufungasha vyombo akatafute kwingine. Huyu akifungasha vyombo, nyumba inabaki.

Hesabu ya jambo hili ni nzito kuliko inavyoonekana. Tuseme kodi ya maegesho imepanda kwa dola 100 kwa mwezi, sawa na dola 1,200 kwa mwaka. Mtu anayetaka kuinunua nyumba hiyo anajua kwamba mzigo huo atauchukua yeye. Riba ikiwa asilimia 6, kulipa dola 1,200 kila mwaka bila kikomo ni sawa na kutoa dola 20,000 leo, kwa hiyo atazikata kwenye bei. Mwenye gati hajapigilia msumari hata mmoja, ila ameandika barua, na dola 20,000 za thamani ya nyumba ya mwenzake zimehamia upande wake. Ndiyo maana nasema kodi ya maegesho isipodhibitiwa humla mkazi mara mbili: anapoishi na anapouza.

Kwa nini basi sheria za kuwalinda wapangaji zilichelewa kuwafikia watu hawa? Kwa sababu sheria hizo zilitungwa kwa ajili ya nyumba zilizoshikamana na ardhi. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya boti lililoitwa Dinty Moore, lililokodishwa kama makazi kwenye Mto Thames. Mpangaji alidai kinga wanayopata wapangaji wa nyumba. Majaji walisema kamba na mabomba yaliyolifunga boti yanaweza kufunguliwa bila kuharibu kitu, hivyo boti si sehemu ya ardhi, na kinga hiyo haimhusu. Mtu alikuwa akilala humo, akipika humo, lakini sheria ilitazama kamba.

Marekani mahakama iliifikia nyumba ya mtu ikiwa imechelewa. Mji wa Riviera Beach, Florida, uliikamata nyumba inayoelea ya Fane Lozman kwa sheria za meli, ukidai malipo ya maegesho, ukainunua mnadani na kuivunja. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilisema kwa kura 7 dhidi ya 2 kwamba nyumba ile haikuwa chombo cha usafiri: mtu mwenye akili timamu akiitazama haoni kitu kilichoundwa kubeba abiria au mizigo majini. Uamuzi mzuri, lakini haukugusa kodi.

Kodi iliguswa California. Sheria ya jimbo ya 2019 iliwawekea kikomo wapangaji wengi wa fleti, ila maegesho ya nyumba zinazoelea yakabaki nje. Gati moja la Alameda lilipopata mmiliki mpya na wakazi wakakabiliwa na nyongeza kubwa, baraza la mji lilipanua kanuni zake mwanzoni mwa 2022 ili ziwafikie. Mwaka huohuo jimbo lilipitisha sheria kwa kaunti za Alameda, Contra Costa na Marin: kodi isipande kwa miezi 12 zaidi ya asilimia 3 kujumlisha mfumuko wa bei, na kwa vyovyote isizidi asilimia 5.

Mwenye gati naye ana hoja, na si ndogo. Tope huziba na lazima liondolewe, nguzo huoza, maji taka lazima yafike nchi kavu. Ndiyo maana kikomo kinachofuata mfumuko wa bei ni bora kuliko kuganda kwa kodi. Tena mipaka ya kumbana ipo: mwaka 1983 Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington ilifuta sehemu ya kanuni ya Seattle ya kuwalinda wakazi wa nyumba zinazoelea kwa sababu ilimzuia mwenye gati kutumia maegesho yake mwenyewe.

Baadhi ya wakazi wa Seattle waliondoka kwenye mvutano huo kwa kuungana na kuyanunua maegesho kwa ushirika. Pasipowezekana hivyo, sheria iweke kikomo cha kodi, na kikomo hicho kiendelee nyumba inapouzwa. Kikomo kinachokufa siku ya mauzo kinamlinda mkazi ilimradi asihame, na thamani ya nyumba yake kinaiacha mikononi mwa mwenye gati.