Tom Wills: Staa wa kriketi aliyewapa Waaustralia soka lao

WAINGEREZA hujisifu kuwa ndio walioandika sheria za soka mwaka 1863. Lakini miaka minne kabla yao, huko Melbourne, Australia, wanachama wachache wa klabu ya mji huo walishakaa na kuandika sheria 10 za mpira wao wenyewe. Mmoja wao alikuwa Tom Wills, mkali wa kriketi.

Wills alizaliwa New South Wales mwaka 1835. Alipofikisha miaka 14, baba yake, Horatio, alimpeleka Uingereza kusoma katika shule ya Rugby. Huko alitamba uwanjani, akawa nahodha wa timu ya kriketi.

Aliporudi aliibeba timu ya Victoria. Tatizo lilikuwa moja tu: kriketi ni mchezo wa kiangazi, na baridi ikiingia wachezaji wanabaki kunenepa. Julai 1858 aliandika barua gazetini akitaka ianzishwe klabu ya mpira ili wabaki fiti. Mei 17, 1859 sheria zikatoka: kudaka mpira uliopigwa kwa mguu ruksa, kuurusha kwa mikono marufuku, na yale mateke ya ugokoni ya shule za Uingereza yakapigwa stop.

Mwaka 1861 maisha yakageuka. Horatio na watu wengine 18 waliuawa na Waaborijini, wenyeji wa nchi hiyo, katika shamba lake la mifugo la Cullin-la-ringo, Queensland. Tom alipona kwa sababu alikuwa safarini. Walowezi walilipiza kisasi na kuua wenyeji wengi zaidi.

Pamoja na hayo yote, mwaka 1866 Wills alikubali kuinoa timu ya kriketi ya Waaborijini. Siku moja baada ya Krismasi aliiongoza kama nahodha mjini Melbourne mbele ya maelfu ya watu. Mwaka 1868 vijana hao walikwenda kucheza Uingereza, lakini bila yeye.

Baadaye pombe ikamzidi nguvu. Mei 2, 1880 alijiua akiwa na miaka 44, akazikwa kwenye kaburi lililokaa bila jina hadi mwaka 1980.

Leo sanamu yake imesimama nje ya Uwanja wa Kriketi wa Melbourne. Na ule mpira alioutaka uwe wa kuwapasha misuli wacheza kriketi tu, fainali yake ndiyo inayoujaza uwanja huo kwa mashabiki zaidi ya 90,000.